Kahawa ya Kivu: kwa nini miti yetu imekuwa mirefu

Katana, wilaya ya Kabare. Ni asubuhi ya mavuno. Mama mmoja mwenye miaka zaidi ya 60 amesimama chini ya mti wa kahawa unaomzidi urefu mara mbili. Mkononi ana fimbo yenye ncha iliyopinda. Anashika nayo tawi la juu, analivuta polepole, na mjukuu wake anachuma matunda mekundu haraka haraka kabla tawi halijaponyoka. Kwenye mti wa tatu tawi linavunjika. Mama analiangalia kidogo, halafu anasema: "Hili nalo limekwenda."

Nikamuuliza: "Mama, kwa nini hamkati miti hii ili iwe mifupi?"

Akacheka. "Mwanangu, nikikata leo, hawa watoto watakula nini mwaka kesho?"

Wapendwa wasomaji, niliondoka pale na jibu hilo kichwani. Kila anayetembea kandokando ya ziwa Kivu, tangu Kabare mpaka Kalehe na kule kisiwani Idjwi, anaona kitu kimoja: miti ya kahawa ya zamani, mirefu, yenye mashina manne, matano, majani juu kabisa na chini mifupa mitupu. Wageni wanasema ni uvivu wa wakulima. Mimi nasema hapana. Urefu wa miti ile ni historia ya inchi yetu, na anayejua kuisoma ataona mahali ilipovunjika.

Mti wa kahawa unavyozaa

Tuanze na mti wenyewe. Arabika ikiachwa bila kukatwa inaweza kupita mita 5. Ina matawi ya namna mbili: shina linalopanda juu, na matawi ya kando yanayolala. Matunda yanakuja kwenye matawi ya kando, tena kwenye sehemu iliyoota karibuni. Pale palipozaa mwaka huu hapatazaa tena vizuri, mwaka unaofuata mti unazaa mbele zaidi, karibu na ncha. Ndiyo sababu mavuno ya mti usiokatwa yanasogea kila mwaka: yanatoka karibu na shina yanaelekea inje, yanatoka chini yanaelekea juu. Mwishoni mti unatumia nguvu zake kulisha miti mikavu, na matunda machache yamebaki mahali ambapo mkono haufiki.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Tawi la kwanza la kando likikatwa kabisa kwenye shina, pale pale halioti tena. Lakini shina lote likikatwa, chini kunatoka machipukizi mengi yanayopanda juu, na kila chipukizi ni mti mpya juu ya mizizi ya zamani. Kwa hiyo kukata kahawa si kama kukata nyasi. Mahali unapokata ndipo unapoamua mti utakuwa na umbo gani kwa miaka mingi.

Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kuacha shina moja na kulikata kichwa likifika karibu na kimo cha mtu, ili nguvu ziende kwenye matawi ya kando. Hiyo inadai mtu apite kila mwaka kuondoa machipukizi na matawi yaliyochoka. Njia ya pili ni kuacha mashina mawili ao matatu yapande bila kuyakata kichwa, na baada ya miaka kadhaa kuyakata chini, karibu na goti, sentimita 30 ao 40 toka udongoni. Agronomu wanaita hiyo resepaji. Wanakata kwa msumeno, na wanakata mshazari ili maji ya mvua yateremke yasiozeshe kisiki. Panga linapasua ganda, na ugonjwa unaingia.

Mti ulio wazi katikati unapata jua na upepo. Mti uliojifunga unakuwa nyumba ya magonjwa na ya mdudu antestia, yule anayetoboa matunda, na ambaye wachunguzi wanamhusisha na ladha ya viazi inayoharibu jina la kahawa ya Kivu, Rwanda na Burundi kwa wanunuzi wa inje.

Lakini kila namna ya kukata ina deni lake. Mti uliokatwa shina hauleti mavuno ya maana mpaka mwaka wa pili ao wa tatu. Hapo ndipo historia inapoingia. Anayekata anakopesha mti wake miaka miwili. Nani anakopesha miaka miwili asipojua kama atakuwapo kudai?

Mikono yetu, uamuzi wao

Wakati wa Wabeleji, jibu lilikuwa rahisi: aliyekata siye aliyeamua. Mwaka wa 1928 kulianzishwa Comité National du Kivu, chombo kilichopewa mamlaka makubwa juu ya udongo wa Kivu na kazi ya kuwavuta walowezi. Kwenye miinuko ya kando ya ziwa wakaja watu wa Ulaya na kahawa ya arabika, na baadaye chai na kinkina. Mwaka wa 1933 ikaundwa INEAC, shirika la uchunguzi wa kilimo lenye makao makubwa Yangambi, na hapa kwetu kituo cha Mulungu, katika Kabare, kikawa mahali pa kuchunguza mimea ya miinuko. Ndicho leo tunachokiita INERA Mulungu.

Babu yangu alikuwa mtumikaji kwenye shamba moja la mlowezi. Alituambia kwamba kazi ya kukata haikupewa mtu yeyote. Walichagua wachache, wakafundishwa, wakapewa mkasi wa kukatia matawi, na jioni waliurudisha ukahesabiwa. Kapita alipita nyuma yao. Aliyekata tawi ambalo halikupashwa kukatwa alikatwa mshahara. Babu alijua mti kuliko kapita na pengine kuliko bwana, lakini hakuwa na mti hata mmoja wake.

Nafikiri hapo ndipo jeraha la kwanza lilipo. Miti ilikuwa mifupi, mistari ilinyooka, shamba lilionekana kama kitambaa kilichopigwa pasi. Ufundi ulikuwa katika mikono ya watu wetu. Lakini hesabu ya mbele, kwamba mwaka huu tukate sehemu hii, mwaka kesho ile, na pesa za kungojea zitoke wapi, hesabu hiyo ilibaki ndani ya nyumba ya bwana, ndani ya kitabu chake. Mtumikaji alijifunza kukata. Hakufundishwa kungojea, maana aliyengoja alikuwa mwingine mwenye benki nyuma yake.

Uhuru ulipokuja mwaka wa 1960, walowezi wengi waliondoka. Wengine walibaki, wakaondoka baadaye, hasa mwaka wa 1967 wakati mamluki wa Jean Schramme walipoushika mji wa Bukavu kuanzia mwezi wa 8 mpaka mwanzo wa mwezi wa 11. Hata hivyo mashamba mengi makubwa yaliendelea, na wakulima wadogo nao walikuwa wanapanda miti yao.

Tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka wa 1973

Siku hiyo Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba, maduka na biashara za wageni zitaingia mikononi mwa Wazairwa. Wazo lenyewe lilikuwa na haki ndani yake: udongo urudi kwa wenyewe. Lakini katika sehemu nyingi mashamba hayakuwafikia wale waliokuwa wakikata na kuchuma. Yalipewa wakubwa, watu wa chama, watu wa mji mkuu na rafiki zao. Wengi wao hawakujua kahawa.

Fikiri sasa kama mtu aliyepewa shamba bila kulilipia. Hajui kama mwaka kesho litakuwa bado lake. Na kweli, baada ya miaka miwili mitatu hivi serkali yenyewe ilibadili mawazo, ikawarudishia wageni wengine mali yao ao sehemu ya mali hiyo. Katika wasiwasi kama huo, mtu mwenye akili anafanya nini? Anachuma. Anauza gari la shamba, anauza mashine, anachuma mpaka tunda la mwisho. Hakati mti hata mmoja, maana faida ya kukata itakwenda kwa mwingine.

Halafu likaja jambo ambalo lingeweza kutusaidia, lakini lilitudanganya. Mwezi wa 7 mwaka wa 1975 baridi kali iliua miti ya kahawa kule Brazil, inchi inayoongoza dunia kwa kahawa. Mwaka wa 1976 na 1977 bei ya dunia ilipanda sana. Hapa kila punje ikawa pesa. Wazee wa Katana wanakumbuka miaka hiyo kwa mabati na baiskeli. Lakini bei ikiwa juu, nani anashika msumeno? Kila mtu anasema: tuchume kwanza, tutakata bei ikishuka. Bei ikashuka, wakasema: sasa hakuna pesa ya kulipa wakataji. Bei kubwa ilizuia msumeno, bei ndogo nayo ikauzuia. Na miti ikaendelea kupanda.

Miaka ambayo hakuna aliyekata

Mwezi wa 7 mwaka wa 1989 mapatano ya dunia yaliyokuwa yakigawa sehemu ya kila inchi kwenye soko la kahawa yalivunjika. Bei ikaanguka karibu nusu kwa muda mfupi, na ikakaa chini kwa miaka. Mwaka wa 1991 askari na raia waliiba na kuvunja maduka na viwanda katika miji ya Zaire. Mwaka wa 1993 vita vya kabila vikawaka Masisi. Mwaka wa 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka, kambi zikajaa, na miti ya kila namna ikakatwa kwa ajili ya kuni. Mwezi wa 10 mwaka wa 1996 vita vilifika Bukavu. Mwaka wa 1998 vikaanza tena.

Katika miaka hiyo watu walilala porini, na mara nyingine walilala ndani ya mashamba ya kahawa yenyewe, maana miti iliyojifunga inaficha mtu vizuri. Sisemi hilo kwa kupamba: wako watu wanaosoma maneno haya ambao waliokolewa na shamba ambalo halikukatwa. Mashamba ya chai nayo yalipanda. Mchai tunauona wa kimo cha kiuno kwa sababu unachumwa na kukatwa kila wakati, ukiachwa, ni mti kama miti mingine, na majani hayawezi kuchumwa tena.

Wengine walichukua uamuzi mwingine, wakang'oa kahawa na kupanda muhogo na maharagwe. Hatuwezi kuwalaumu. Muhogo unakulisha wewe, lakini kahawa lazima ipate njia, mnunuzi na amani ndipo igeuke chakula. Mwaka wa 2001 bei ya dunia ilikuwa chini ya senti 50 za dola kwa ratili moja, moja ya bei mbaya kabisa katika miaka mingi. Kule Idjwi na kandokando ya ziwa watu walipakia magunia usiku ndani ya mitumbwi kwenda kuuza Rwanda, kukwepa kodi na askari, na wengi walizama. Wajane wao bado wako.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 inchi yetu ilikuwa ikiuza inje zaidi ya tani 100 000 za kahawa kwa mwaka, nyingi zikiwa robusta za mikoa ya msitu. Baada ya vita haikufikia hata sehemu moja ya tano ya hiyo. Watu wanasema kahawa ilikufa. Mimi naona haikufa, bali ilipanda juu ikatuacha chini.

Udongo ni wa nani, mti ni wa nani

Kuna sababu moja ambayo haitoki inje, na lazima tuiseme wenyewe. Katika Bushi mtu anapata udongo kwa njia kadhaa. Mwenye kalinzi amelipa kwa mwami ao kwa mkubwa wa udongo, na haki yake inapita kwa watoto. Mwenye bwasa anaazima shamba kwa muda mfupi, na mara nyingi hana ruhusa ya kupanda mmea wa kukaa miaka, yaani migomba na kahawa. Kwa hiyo wasio na udongo hawana mti wa kukata. Wenye kalinzi nao wameugawa kwa wana wa kiume, na wana wa wana, mpaka mti mmoja umekuwa kwenye mpaka wa ndugu wawili. Ndugu mmoja akikata, mwingine anasema ameibiwa.

Tena kuna akina mama. Wao ndio wanaochuma, wanaosafisha, wanaobeba. Lakini uamuzi wa kukata mara nyingi ni wa baba, na baba akiwa amekufa ao ameenda machimboni, uamuzi ni wa shemeji. Yule mama wa Katana ni mjane. Miti 90 aliyonionyesha ilipandwa na mume wake. Aliniambia kwamba kwa miaka kadhaa aliogopa kukata kwa sababu moja tu: shemeji angesema anaharibu mali ya marehemu.

Kukata bila kulala njaa

Tangu miaka ya 2000, kooperative zimeanza kufufua kahawa ya ziwa. Iliyojulikana zaidi ni Sopacdi ya Minova, katika Kalehe, na nyingine zikafuata, hata kisiwani Idjwi. Zilijenga vituo vya kuosha kahawa, zikatafuta wanunuzi wa inje wanaolipa zaidi kwa kahawa safi. Mkulima akijua kwamba kuna kituo karibu na bei inayosemwa wazi, anaanza tena kufikiri juu ya mwaka kesho. Msumeno unarudi.

Njia wanayofundisha inajibu swali la yule mama. Usikate shamba lote. Gawanya miti yako mara tatu. Mwaka huu kata sehemu ya kwanza, baada ya mavuno na kabla mvua ya mwezi wa 9 haijakomaa. Mwaka kesho sehemu ya pili. Mwaka wa tatu sehemu ya mwisho, na wakati huo ile ya kwanza inaanza kuzaa. Kwenye mti wenye mashina mengi unaweza kuacha shina moja lilishe mizizi mpaka machipukizi yapate nguvu, ndipo ulikate nalo. Katika machipukizi chagua mawili ao matatu yenye afya, yaliyotoka chini na yanayoachana, mengine yaondoe kwa mkono yakiwa bado laini. Katikati ya visiki, jua likiwa limeingia, panda maharagwe. Hayo maharagwe ndiyo malipo ya kungojea.

Si ufundi mpya. Babu yangu angeitambua kila hatua. Kilicho kipya ni kwamba hesabu ya mbele sasa iko mkononi mwa mwenye mti.

Lakini nisiwadanganye. Mwezi wa 2 mwaka wa 2025, kwenye soko la New York, bei ya arabika ilipita dola 4 kwa ratili, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Mwezi ule ule wapiganaji wa M23 walishika Kavumu na uwanja wake wa ndege, kisha wakaingia Bukavu. Benki zikafungwa, njia zikakatika, watu wakakimbia. Kwa hiyo sababu zote mbili za zamani zilikuja siku moja: bei kubwa inayosema chuma tu, na vita inayosema usipande kitu cha kungojea. Kama historia ingekuwa bwana wetu, hakuna mti mmoja ambao ungekatwa mwaka huo.

Nilirudi Katana wakati wa kiangazi. Mama alinipeleka nyuma ya nyumba bila kuniambia kitu. Miti 30 ilikuwa imekatwa, kila kisiki kimoja kwa msumeno wa kuazima, mshazari, kama inavyotakiwa. Alikuwa amewaita shemeji na mkubwa wa kijiji washuhudie kabla ya kukata, ili neno lisirudi. Miti 60 bado ilikuwa mirefu, na mjukuu bado alikuwa na fimbo yake.

"Na vita, mama?" nikauliza.

"Vita ilikuja nikiwa binti, ikaja nikiwa na watoto, imekuja nikiwa na wajukuu," akasema. "Nikiingojea iishe, nitachuma kwa ngazi."

Akainama, akaondoa machipukizi matatu kwenye kisiki kimoja, akaacha mawili.

Ndugu msomaji, kwenu miti ya kahawa ina kimo gani, na mara ya mwisho ilikatwa mwaka gani? Waulize wazee wa nyumbani wangali wapo, na mwandike jibu lao.